Inchi Mbili

Futikamba yetu ilikatika ncha.
Ilianzia mbili. Sifuri na moja zilibaki
chini ya mlango wa karakana kule Tudor,
siku Mwandoro alipoivuta kwa pupa.
Tulijua. Sote tulijua.
"Tutatoa baadaye," tukaambiana,
kama mtu anavyojiambia atalipa kadha
ya Ramadhani iliyopita.

Asubuhi hiyo Dakta Mghoi aliandika ubaoni
neno moja, KIVULI, akaketi.
Robo saa nzima hakutamka kitu.
Feni ilikwaruza. Tulitazamana.
Kisha: "Jua limetoka dawati la Kadzo
limefika la nyuma. Nani kaliona?
Aliyejenga ukumbi huu hakuliona."
Tukacheka, tukaandika.
Swali hilo lilikuja kwenye mtihani.

Alasiri, Kibokoni, nyumbani kwa Bi Mize.
Mlango wa nakshi umelegea bawaba;
ndani ya madaka, chupa za dawa ya presha,
chaja ya simu, picha ya marehemu mume
na risiti za maji za miaka kumi.
Mwenyewe anachagua mchele, hatutazami,
ila kusema: "Mkimaliza kupima
mwanipandia darini mwone panapovuja."
Hatukupanda. Halikuwa kwenye ratiba.

Fundi Famau, tuliyepewa atuongoze,
hakugusa futikamba. Alilaza mkono ukutani,
kiwiko hadi ncha ya kidole,
dhiraa, dhiraa, shubiri,
akasema: "Chumba hiki hakikupimwa na mtu.
Kimepimwa na mkoko. Boriti yaishia hapa,
basi na chumba chaishia hapa."
Nikaandika: futi tisa, inchi nne.
Akachungulia daftari langu.
"Mkono wangu wakataa," alisema.
Nikadhani ni mzaha wa wazee.

Jumamosi tulizima chokaa katika pipa;
ikachemka bila moto, ikanguruma.
Ilimrukia Kadzo kifundoni,
hadi leo ana alama nyeupe kama mkato
katika sentensi isiyokwisha.
"Saruji hukauka," fundi alitwambia,
"chokaa huiva. Mwenye haraka
na ajenge kwa saruji."

Siku ya kutetea michoro walikuja wageni watatu,
wakasogea, wakarudi nyuma, wakavua miwani.
"Mistari safi," wakasema.
Hakuna aliyekuja na futikamba.
Bi Mize akaomba nakala. Tukampa,
imekunjwa vizuri, ina mhuri wa idara.

Alifariki mwezi wa saba mwaka uliofuata.
Mchoro ukatolewa kabatini
ukatandazwa mezani, mirathi ikigawanywa,
rula ikawekwa juu ya ukumbi, katikati.
Ukuta ulipanda kwa siku mbili, matofali ya saruji,
ukakata daka moja vipande:
nusu ya Msellem, nusu ya Badi.
Badi akapima kwake, akapima kwa kakaye,
akapima tena.
Inchi mbili.
Akaambiwa: "Mchoro una mhuri wa chuo.
Wewe una nini?"
Hawajasalimiana tangu hapo,
na maji ya darini huvuja pande zote mbili.

Nilikwenda mara moja. Nilifika hadi barazani.
Mtoto wa Badi akaniuliza namtafuta nani,
nikamwambia nimepotea njia,
mimi niliyeichora njia hiyo
kwa kalamu ya sifuri nukta tatu.

Siku hizi mimi ndiye ninayetunza karakana.
Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hujaa mlangoni,
viatu vipya, penseli zimechongwa mno,
wakitaka vifaa vya safari ya Mji wa Kale.
Zipo futikamba mpya kabatini, kumi na mbili.
Nawapa ile ile.
Siwaambii kitu.
Nangoja nisikie nani atairudisha.